Jiwe la Kulamba

Mji mzima wa Tabaka ulimjua Nyamweya, mchonga vinyago vya mawe, kwa mikono yake. Mpe jiwe, anakurudishia kiboko. Mpe kubwa zaidi, anakurudishia baba, mama na watoto wamekumbatiana. Mikono ilikuwa na akili, jamani. Ila mdomo wake ulikuwa na ugonjwa mmoja: haukujua kuuliza. Asipoelewa jambo, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelielewa tangu juzi.

Dada yake mdogo, Phanice, aliolewa kule Nyacheki, mume akafa akamwachia shamba lililojaa majani chai mpaka mlangoni. Hapakuwa hata na pa kumfunga mbuzi. Ndipo akawaleta ndama wake wawili, madume, ndio kwanza wameachishwa kunyonya.

"Ndugu yangu, wanenepeshe mpaka Desemba," akasema. "Hawa ndio karo ya chuo ya mwanangu Duke. Wakifa, mtoto anabaki nyumbani."

"Umewaleta kwa mwanamume," Nyamweya akamjibu.

Ndama walikuwa na nywele zilizosimama na kupe chini ya mkia. Nyamweya akamwita Pam, muuzaji wa duka la dawa za mifugo, ambaye watu walimwita daktari. Pam alitoka upande wa ziwani. Ekegusii chake, lugha ya watu wa Tabaka, kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Na Kiswahili cha Nyamweya kilikuwa cha kuuzia vinyago: kwenye bei kilikimbia, kwingine kilichechemea.

Pam akafunua kope za ndama, akaona weupe, akasema hiyo ni minyoo. Akawanywesha dawa, akawanyunyizia ya kupe. Kisha akaeleza taratibu:

"Mzee, migomba mitupu ni maji. Wakatie nyasi za nepia na majani ya viazi vitamu, jioni uwape mashudu kidogo. Wasirudi kule kwenye majimaji ya mtoni, minyoo iko hukohuko. Halafu uwawekee jiwe la kulamba, wasilikose kabisa. Una swali?"

"Mimi? Swali la nini?"

Jiwe! Nyamweya alitamani kucheka. Katika Tabaka yote, nani wa kufundishwa habari za jiwe? Siku hiyohiyo akachagua moja la rangi ya waridi, lisilo na ufa, akalipiga msasa mpaka likang'aa. Ubavuni akachonga ng'ombe mwenye nundu, ili ndama wajue ni lao. Akalipaka chumvi ya jikoni, akaliweka horini. Ndama wakalamba weee! Naye akajiambia, kama jiwe lina nguvu hivi, mashudu ya nini tena? Mtoni hakuwapeleka, hilo alilishika. Lakini chakula kikabaki migomba.

Wiki zikapita. Mbavu zikatokeza, matumbo yakaning'inia. Ndama wakaanza kutafuna kamba na kulamba ukuta wa udongo. Phanice alipokuja kuwaona akashika mdomo.

"Ndugu yangu, hawa ni ndama wangu ama ni vivuli vyao?"

Uso wa Nyamweya ukawaka moto. Angeweza kusema, sijui. Neno fupi tu. Badala yake akasema, "Ni dawa. Yule msichana wa ziwani aliwanywesha maji yenye rangi."

Phanice hakuwa mtu wa kukaa na neno. Alipita dukani akalimwaga mbele ya wateja. Kufika Sabato lilikuwa limeingia kanisani kabla ya waumini. Watu wakaanza kwenda mpaka mji wa Suneka kununua dawa, na mwenye duka akamwambia Pam akae nyumbani kwanza, mpaka maneno yapoe.

Jumapili ya wiki iliyofuata Pam akaja kwa Nyamweya. Phanice alikuwepo, mikono kiunoni. Pam hakugombana na mtu. Akafunua kope za ndama: zilikuwa nyekundu vizuri. Akatafuta kupe, hakupata.

"Minyoo ilitoka," akasema. "Hii ni njaa. Mashudu unawapa, mzee?"

"Ninawapa jiwe."

"Liko wapi?"

Akalionyesha. Pam akaliinua, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hii ni... ng'ombe?"

"Ni ng'ombe."

"Mzee, jiwe la kulamba ni chumvi na madini yameshindiliwa mpaka yakawa kama tofali. Tunaliuza dukani. Hili ni la watalii."

Phanice akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. "Uuuwi! Amewachongea ndama wangu sanamu!" Kisha akamtazama Pam, na kicheko kikamfia mdomoni.

Pam hakucheka. "Ningekuonyesha siku ile," alisema kwa upole. "Kosa ni langu pia."

Jamani, afadhali angemtukana. Nyamweya alitazama miguu yake, vumbi jeupe limejaa vidoleni, akatamani ageuke jiwe.

Jioni ile Phanice alileta mashudu na jiwe la kweli, na ndama wakala mpaka hori likasafishika. Lakini Pam bado alikuwa nyumbani. Kikundi cha wafugaji kilipokutana, Phanice akamwita Pam, akamketisha mbele, karibu na mwenye duka. Nyamweya akasimama kukiri kosa lake. Akaanza mbiombio, kwa Ekegusii, akisimulia habari za sanamu na ndama. Watu wakacheka, na mle ndani ya kicheko akalipitisha lile neno la dawa, likapita bila kuonekana.

"Yaya, hapana!" Phanice akamkatiza. "Rudia kwa Kiswahili. Uliyemsema ni huyu, na huyu hajasikia kitu."

Kicheko kikakatika. Nyamweya akamgeukia Pam. Katika lugha ile hakuwa na pa kujificha. Kila neno alilitafuta kama mtu anayepapasa gizani.

"Dawa ilikuwa mzuri," akasema. "Mimi nilisema ni maji. Sikujua shida ni nini, nikaogopa dada yangu ataniona mjinga. Nikakuwekea uongo. Wewe ukafukuzwa kwa uongo yangu."

Pam akasimama.

"Nimesikia, mzee."

Hakusema amesamehe. Akachukua mkoba wake, akatoka. Mwenye duka akainuka haraka akamfuata, na watu wakamsikia huko nje akimwomba arudi kazini kesho asubuhi.

Nyamweya akabaki amesimama mbele ya wenzake. Hakuna aliyemwambia aketi, naye hakuthubutu kujiketisha.