Adamu Ndani ya Gemu

Mwaka 2008 hapakuwa na kijana mpenda mpira katika mji mdogo wa Katesh asiyelijua banda la Hadiya. Lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, nyuma kidogo ya stendi, ambamo zamani yeye na mumewe Adamu waliuza vitenge na kandambili. Adamu alifariki lori la vitunguu swaumu lilipopinduka kwenye mteremko wa Magara, akitokea Mbulu. Duka likayumba. Ndugu wakamshauri mjane arudi kwao Kondoa. Hadiya hakurudi. Aliuza vitenge vilivyosalia, akanunua TV mbili na mashine mbili za gemu, akafungua mlango. Wakwe walisema anakusanya wahuni. Alinyamaza, wahuni wakaja, na kumbe walikuwa vijana wa watu tu wanaotaka kufungana magoli.

Yeye mwenyewe hakucheza. Alikaa mlangoni akifuma vitambaa vya makochi huku mgongo wake umeelekea TV. Adamu alikuwa winga wa timu ya Katesh, mguu wa kushoto, na tangu azikwe Hadiya hakuwahi kukanyaga uwanjani.

Mwezi wa kumi na moja, Isidori alileta toleo jipya la gemu la mpira. Huyu Isidori alikuwa muuza CD wa Babati. Tangu mji ule uwe makao makuu ya mkoa, watu wa Katesh hawakuhangaika tena kufuata vitu vyao Arusha. Alikunywa chai kwa Hadiya, akaacha CD, akapanda basi kurudi kwake. Vijana wakaiweka. Mara zikapigwa kelele kama za watu walioona nyoka ndani.

"Dada Hadiya! Manchester haipo!"

Hadiya aligeuka. Kwenye kioo palikuwa na jezi nyekundu, lakini juu yake pameandikwa jina asilolijua mtu, kama jina la kampuni ya mabasi. Arsenal nayo haikuwepo. Mshambuliaji ambaye vijana wote walimwabudu alikuwa amegeuzwa herufi za jina lake, kama mtu aliyeandikiwa cheti cha kuzaliwa na karani mwenye masikio mabovu. Sura yake, mwili wake, hata mwendo wake ulikuwa uleule. Jina ndilo halikuwa lake.

Akampigia Isidori palepale. "Umeniletea CD mbovu!"

Isidori akacheka. "Si mbovu, dada. Huko nje kuna kampuni mbili zinagombea wateja. Moja imelipia ligi ya Waingereza, sasa majina ni yake. Hii nyingine ikiyaandika inashtakiwa."

"Jina la timu linauzwa?"

"Linakodishwa. Jina, jezi, hata uwanja."

Hadiya aliihamishia simu sikio la pili. Alikuwa amefanya biashara tangu usichana wake, ameuza nguo, chumvi, mafuta ya taa, lakini hili la kukodisha jina la mtu halikumwingia akilini. Mwisho akasema, "Basi niletee ya hao wenye majina."

"Hiyo, dada... nimeshakubaliana na Xavery. Hapo Katesh nampelekea yeye peke yake."

Xavery alikuwa na banda kama la Hadiya, ng'ambo ya barabara, karibu na soko. Lakini kabla ya banda alikuwa rafiki wa Adamu. Alitoka kijiji cha Daudi, Mkatoliki, beki wa kati wa timu ileile. Siku ya maziko alishika sepetu hadi watu wakamwomba apumzike. Hadiya alivuka barabara bila hata kuvaa viatu vizuri.

"Xavery, ni kweli?"

"Karibu kiti, shemeji."

"Sikuja kukaa. Umemwambia Isidori asiniuzie?"

Xavery aliangalia chini. "Sikumwambia asikuuzie. Nimemwambia aniuzie mimi tu."

"Na hayo mawili yanatofautiana nini?"

"Shemeji, ni biashara. Ingekuwa wewe ungefanya hivyohivyo."

Hadiya alimtazama usoni, akimtafuta yule mtu wa sepetu, hakumwona. Alirudi kwake. Haikupita wiki, banda lake likawa tupu. Jioni upepo wa mlimani ulimletea kelele za magoli kutoka ng'ambo, na kila goli lilimchoma.

Mteja mmoja tu hakuhama. Aliitwa Gidabuday, mfugaji wa kijiji cha Nangwa, mtu mzima mwenye wake na watoto, ambaye kila akileta ng'ombe mnadani alipitia kwa Hadiya, akaegemeza fimbo yake nyuma ya mlango na kukamata pedi ya kuchezea gemu. Sasa alikuwa na TV mbili peke yake, akawa anapekua kila ukurasa wa lile gemu.

"Dada," aliita siku moja, "hawa wamenyimwa majina, lakini wameacha mlango wazi. Humu mtu anaandika mwenyewe."

Hadiya akaruka. "Andika Manchester, haraka!"

"Ya nini? Xavery anayo." Akabonyeza taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Ile timu nyekundu ikaitwa NANGWA.

Hadiya akacheka, cheko la kwanza tangu ugomvi ule.

Habari ilienea mnadani kabla jua halijageuka. Watu wa Tumati wakataka timu yao, wa Daudi yao, wa Dongobesh yao. Wanaume waliokuja kuuza mbuzi walisimama wakibishana nani apewe namba tisa na nani hastahili hata benchi. Golikipa mmoja aliyestaafu alidai arefushwe ndani ya gemu, na Gidabuday akamrefusha. Banda likajaa hadi watu wakachungulia dirishani. Ng'ambo, kwa Xavery, kulikuwa na majina ya kweli na viti vilivyo wazi.

Mwezi wa pili mama yake Hadiya aliugua, naye Hadiya akaenda Kondoa kumuuguza, banda akamwachia Gidabuday. Alirudi siku ya mnada, vumbi mwilini, mkoba mkononi. Chumba kilikuwa kimejaa. Hakuna aliyemwona akiingia. Katesh walikuwa wanacheza na Tumati.

Akatupa jicho kwenye TV, kidogo tu, kama mtu anayepita.

Upande wa kushoto alikuwa anakimbia mtu mwembamba, namba kumi na moja, soksi ameshusha hadi vifundoni, mikono ya jezi ameivuta hadi viganjani. Alipopokea mpira alisimama kwanza, akauvuta nyuma kwa mguu wa kushoto, ndipo akaondoka. Chini ya miguu yake paliandikwa ADAMU.

Mkoba ulianguka. Hadiya alisikia sauti ikitoka kooni mwake, hakujua kama ameita au amepiga kelele. Chumba kizima kiligeuka. Mtu akasimamisha mchezo, na Adamu akaganda pale pembeni mwa uwanja, mguu mmoja hewani.

"Nani?" Hadiya alisema. "Nani kaniletea maiti ndani ya nyumba yangu?"

Gidabuday aliinuka, ameshika pedi kama kitu cha wizi. "Nisamehe, dada. Nilidhani utafurahi."

"Wewe hukumjua! Umekuja Katesh yeye ameshakufa. Soksi umezijuaje? Na ule mguu?"

Macho ya Gidabuday yalikwenda kwenye kona. Pale, kwenye benchi la nyuma, amekaa kama mteja mwingine yeyote, alikuwa Xavery.

Watu walianza kutoka mmoja mmoja, wakikwepa macho ya Hadiya. Walipobaki watatu, Xavery alisimama.

"Gidabuday alikuwa anaulizia wachezaji wa zamani wa Katesh," alisema. "Nikaja nikamwelekeza. Kosa ni langu."

"Ulikuja humu? Wewe uliyenifungia njia?"

"Nilikuja, shemeji. Kule kwangu nilijaribu nikashindwa. Lile langu halibadilishwi. Kila jina lina mwenyewe, limelipiwa, limefungwa. Hakuna pa kumweka Adamu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilicheza naye miaka saba. Nilitaka nimwone tena akiuvuta ule mpira."

"Ungeniuliza."

"Ningekuulizaje? Nilikuwa nakuonea aibu."

Hadiya hakumsamehe siku ile. Alimwambia atoke, akatoka. Usiku hakulala, alijiuliza kama ni dhambi, kama ni dharau kwa marehemu, kama amfute. Asubuhi aliwasha TV peke yake, akamtafuta Adamu katika orodha ya wachezaji, akamwangalia muda mrefu. Hakubonyeza kitu.

Hadiya hakununua tena kitu kwa Isidori. CD alianza kuagiza Singida. Xavery alibaki na lile gemu lake la majina ya kweli, na siku za mechi kubwa za Ulaya alijaza, wakati Hadiya alijaza siku za mnada. Walisalimiana barabarani, kwanza kwa kichwa, baadaye kwa mdomo. Ushindani haukuisha.

Kisha habari zikafika Dongobesh kwa Bi Shumbana, mama mzazi wa Adamu, kwamba mwanawe anaonekana kwenye TV kwa mkwewe. Bibi yule hakutuma salamu. Alikuja mwenyewe.

"Shikamoo mama," Hadiya alisema.

"Marahaba. Yuko wapi?"

Hadiya akamwita Gidabuday, na baada ya kusitasita akatuma mtu amwite na Xavery. Bibi aliwekewa kiti mbele kabisa. Mchezo ukaanza. Namba kumi na moja akapokea mpira, akauvuta nyuma, akaondoka. Bi Shumbana alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Huyu si mwanangu," akasema hatimaye. "Mwanangu akikimbia anafungua mdomo."

"Mdomo hawakuuweka, bibi," Gidabuday alijibu kwa unyenyekevu. "Umefungwa kwa wote."

"Na mbona anatoa pasi? Adamu hakuwa na pasi."

"Hakuwa nayo kabisa!" Xavery aliropoka, akajiziba mdomo.

Bibi aligeuka akamtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Hadiya alihitaji muda kutambua kwamba mama mkwe wake anacheka. Naye akacheka, huku machozi yakimtiririka hadi kwenye ushungi, asijue yametoka wapi.

"Usimpe mtu pasi, basi," Bi Shumbana alimwambia Gidabuday. "Nenda naye mwenyewe."

Gidabuday akaenda naye mwenyewe. Akapoteza mpira mara nyingi sana, na Katesh wakafungwa na Tumati, mbili bila. Bibi alikaa hadi mwisho, akauliza wanacheza tena lini.