Usuu Kabla ya Kengele

Binti yangu alikuwa akitapika kila asubuhi ya shule. Si Jumamosi, si Jumapili. Jumatatu hadi Ijumaa, kama aliyeajiriwa. Alikuwa na miaka mitano. Akishavaa sare anashika tumbo, mikono inamtetemeka, ananiambia, "Mama, moyo yangu inakimbia." Tukifika langoni ananing'ang'ania sketi, mimi nami saa inanitoroka, maana kiwanda cha nguo ninakoshona, pale eneo la viwanda la EPZ Athi River, hufunga geti saa moja na nusu, na ukifungiwa nje hakuna wa kukusikiliza.

Nilimpa dawa ya minyoo. Nilimwombea. Nilimgombeza pia, sitaficha. Hasira zangu ziko karibu, na mtoto anayelia saa kumi na mbili asubuhi huzisogeza karibu zaidi. Baba yake yuko Mombasa kikazi, tunamwona mwisho wa mwezi, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kunipokea zamu.

Siku moja mwalimu wake akaniita kando. "Mama, asubuhi huwa anakula nini?"

"Anakunywa chai," nikasema.

"Na nini?"

"Na nini, nini? Chai ni chai, mwalimu."

Nilifura. Niliona ananiambia sijui kulea. Chai yangu haikuwa ya kuonewa haya: majani mengi, sukari ya kutosha, naipika saa kumi na moja naitia kwenye thamosi. Sisi tulilelewa hivyo. Kwetu mtoto akishaacha ziwa anapewa kikombe chake cha chai, na chai ikiwa hafifu hata mgeni anajua hakutakiwa. Mkate ulikuwepo, lakini nani ana muda wa kutafuna? Alikunywa amesimama, mimi nimechuchumaa namfunga viatu, namwambia haraka, haraka, haraka. Mwalimu alinieleza polepole kwamba chai kali kwenye tumbo tupu inaweza kumzidishia wasiwasi mtoto ambaye tayari ana wasiwasi, nijaribu kumpa kitu cha kushiba mapema, uji, au kiazi, au yai. Hakuniahidi kitu, alisema tu nijaribu. Nikamwambia asante, kwa ile sauti ambayo si ya asante hata kidogo.

Likizo ya Aprili nilimpeleka kijijini Kola kwa mama mkwe wangu. Mimi humwita Mwaitu, yaani mama kwa lugha yetu, na mtoto humwita Susu, kama tunavyowaita nyanya zetu. Mwaitu ni mkulima, na neno lake hulisema mara moja tu, halafu anarudi kwa kazi yake. Asubuhi ya kwanza mtoto aliamka akaomba chai. Mwaitu alimtazama kana kwamba ameomba sigara.

"Chai ya nini? Umetoka kulima wapi?"

Akashusha kitete chake, kile kibuyu chembamba cha kuwekea uji, akachomoa kigunzi cha hindi kilichoziba mdomo, akammiminia usuu. Huo ndio uji wetu wa wimbi uliochachushwa, mkali wa kumkunjisha mtu jicho moja. Mtoto alikunja yote mawili, akanywa. Saa nne akala kiazi kitamu. Mchana akala muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, yamechanganywa na mbaazi. Nilimwacha huko wiki tatu, na kila nilipopiga simu niliambiwa yuko nje anafukuza kuku.

"Lakini huku haendi shule," nilimwambia Mwaitu nilipokwenda kumchukua. "Atatapikia nini?"

Mwaitu alikuwa akichambua mbaazi kwenye ungo. Hakuinua macho. "Shule iko hapo chini. Niachie yeye."

Aiya! Na hakusema jambo la ajabu. Nusu ya wanawake ninaokaa nao kwenye laini ya kushona wana watoto wanaolelewa na nyanya zao, Kola, Ekalakala, kila mahali, nao huwaona Krismasi na kwenye picha za simu. Lakini mimi nilikuwa na huyu mmoja. Nikafikiria kile kitanda chetu bila miguu yake kunipiga mateke mbavuni. Nikamwomba Mwaitu anipe hadi mapumziko ya katikati ya muhula. Akakubali. Siku hiyo angekuja mwenyewe, na kama mtoto bado anatapika, angeondoka naye. Baba yake tulipompigia alisema sawa. Wanaume wakiwa mbali husema sawa haraka sana.

Nilirudi Athi River na unga wa wimbi na usuu kidogo wa kuchachushia. Kitete sikuwa nacho, na sikukiomba. Hicho kilikuwa kiburi, naweza kukiri sasa. Nilipika uji, ukapoa, nikauchanganya na ule wa Kola, nikaujaza hadi shingoni kwenye chupa ya soda ya lita mbili. Kisha nikakaza kifuniko kwa mikono hii inayokunja jinzi siku nzima. Nikaiweka kando ya jiko ipate joto, nikajipongeza.

Asubuhi ya kufungua shule mtoto alikuwa ameketi kitandani na sare yake, tayari ameshika tumbo, midomo mikavu. "Ngoja nikupe usuu wa Susu," nikamwambia, huku moyo wangu mwenyewe ukikimbia kumshinda. Nikaishika chupa. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikazungusha kifuniko.

Mungu wangu! Ililia kama tairi linalopasuka. Uji ulipiga mabati, ukapiga pazia, ukapiga sare yangu ya kazi iliyoning'inia mlangoni, na uliobaki ukanishukia mimi kichwani. Jirani aligonga ukuta akauliza kama ni gesi. Mimi nilisimama pale uji ukinidondoka puani, nikitafuta wa kumgombeza, na wa kugombezwa nilikuwa mimi.

Ndipo nikasikia mtoto anacheka. Alicheka mpaka akateleza kutoka kitandani. Akaja, akanipangusa shavu kwa kidole, akakilamba.

"Ni kama ya Susu!" akasema. "Iko ingine?"

Ilikuwepo, robo ya chupa. Nikaipasha moto. Na kwa kuwa tulikuwa tumeshachelewa na hakuna haraka ambayo ingetuokoa, niliketi. Tuliketi wote wawili kitandani na vikombe vyetu, mimi na nywele zimeganda. Usuu haunyweki mbio; ni mzito, unaupuliza, unakunywa, unapumzika. Hapo ndipo nilipojua kwamba sijawahi kuketi na mtoto wangu asubuhi ya shule. Hata siku moja. Nilishikwa na haya zaidi ya siku ile ya mwalimu.

Siku hiyo alivuka lango bila kulia, kwa sababu alikuwa na habari. "Mwalimu!" alipaza sauti. "Mama amelipuka!" Mwalimu alinitazama nywele, akajikaza asicheke, akashindwa. Nilipofika kiwandani msimamizi aliandika jina langu kwa kuchelewa, na nilifurahi hivyo hivyo.

Sitasema ni uji uliofanya kila kitu. Juma la pili alitapika Jumanne, na Jumatano akanishika sketi kama zamani, nikaona kama begi la kwenda Kola limeshafungwa. Lakini thamosi niliipandisha juu ya kabati, nikaanza kuamka nusu saa mapema. Chupa niliiachia nafasi juu na kifuniko nikakilegeza. Usuu au yai, kiazi kilichochemshwa jioni, ndizi ya kubeba ya saa nne. Tunaketi. Ananieleza nani alimsukuma kwenye bembea na nani si rafiki yake tena. Nikisikia ulimi wangu unataka kusema haraka, naupoza kwa uji. Pole pole mikono yake ikaacha kutetemeka. Siku moja nikagundua ni wiki nzima sijafua shuka kwa sababu ya matapishi, nikasimama pale kwenye kamba ya nguo nikiwa nimeshika vibanio, sijui nifanye nini na furaha yangu.

Mwaitu alikuja kama alivyoahidi, Ijumaa mchana, siku ya kufunga shule kwa mapumziko, na begi tupu la nguo za mtoto begani na kitete kimejaa mkononi, usuu wa mjukuu wa kunywa njiani. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nikamkaribisha macho yangu yako kwenye begi. Mtu mzima mimi, naogopa begi.

Mtoto aliingia kutoka shule akarukia shingo ya nyanya yake. Mwaitu alimgusa tumbo.

"Hii iko aje?"

"Iko sawa, Susu. Lakini siwezi kuenda na wewe. Siku ya kufungua ni mimi nagonga kengele ya shule."

Mwaitu akaendelea kumtazama. Akamtazama mashavu, akamgeuza viganja, akavishika mpaka akaridhika kwamba vimetulia. Kisha akaniambia, "Leta huo uji wako nionje."

Nikamletea. Akanywa, akafumba macho.

"Umezidisha maji," akasema, akanyoosha kikombe niongeze.

Nilikwenda nyuma ya pazia la jikoni nikajifanya natafuta sukari, ambayo hakuiomba, nikalia kimya kimya mpaka mabega yakaniuma. Nilipotoka alikuwa ameshasimama, begi tupu begani. Nikamkimbilia na kitete chake alichokisahau juu ya meza.

Hakukipokea. "Hicho ni chenu nyinyi wawili," akasema. "Na kigunzi usikaze. Nimeambiwa." Akamkonyeza mjukuu wake, akashika njia ya Kola na begi lake tupu.