Madirisha Matano

Asubuhi ya siku ile Zuhura aliniita mara tatu ninywe kahawa. Mahamri yalikuwa tayari chini ya kawa, naye amekaa barazani, goti lake bovu amelinyoosha juu ya kibao. Mimi nilikuwa natafuta bisibisi.

"Nakuja," nikamwambia.

"Hiyo nakuja yako ishaota ndevu, Baba Athmani," akasema mke wangu. "Karibu itaoa."

Wakati huo tulikuwa tukiishi mbele ya Adu, katika kijiji kidogo cha wakulima wa ufuta na korosho. Kwetu ni Malindi, mtaa wa Shella, lakini shamba la marehemu baba lilikuwa huko, na watu wa kule waliniomba niwasomeshee watoto Kurani chuoni na kuwasalisha wakubwa. Ramadhani ilikuwa imekaribia, nasi tulikuwa tunamalizia msikiti mpya. Kulikuwa na kipaza sauti cha kufunga, mikeka ya kutandika, madirisha ya kupaka rangi, na kibanda cha makuti cha kutawadhia. Yote nilitaka yapite mikononi mwangu. Niliamka na shughuli hizo kichwani na nikalala nazo, na kwa kuwa zilikuwa shughuli za msikiti, sikuona kwamba mtu angeweza kunilaumu.

Makuti alikuwa akiyashona Kazungu, jirani yetu, Mgiriama, Mkristo, sauti nene ya kwaya ya kanisani kwao. Makuti hushonwa mtu ameketi. Unakunja majani ya mnazi juu ya kijiti, unayafunga kwa nyuzi za miyaa, jani kwa jani, na hakuna namna ya kuiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana wenye kuifanya hupiga soga. Kila nilipompita, Kazungu aligongagonga chini kwa kijiti chake.

"Keti, Ustadhi. Nishikie majani mawili matatu."

"Nina haraka, bwana."

"Wewe na haraka! Mungu mwenyewe hana saa, wewe yako umeitoa wapi?"

Nilicheka nikapita. Muda wote aliotushonea makuti, sikuketi naye hata mara moja.

Habari za watu wenye bunduki zilikuwa zikitufikia kutoka vijiji vya kaskazini. Wengine walisema ni ugomvi wa malisho, wengine wakasema mengine. Mpaka leo sijui walikuwa kina nani, na nisilolijua sitaliandika. Redioni mapigano yale hayakuitwa vita. Sisi tuliokuwapo hatuna jina jingine la kuyaita.

Zuhura alitaka twende Shella kwa dada yake. Kwa goti lile hakuweza kufika hata kisimani bila kushikwa mkono, sembuse kukimbia. Nilimwambia tutakwenda msikiti ukimalizika.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Watu walikuwa wametawanyika mashambani. Mimi nilikuwa juu ya ngazi na waya wa kipaza sauti, Kazungu ameketi kivulini na makuti yake.

Tulisikia mlio mmoja. Kisha mingi.

Moshi ukapanda upande wa barabarani. Watu wakaanza kupita mbio.

Nilishuka. Nikakunja mikeka. Nikaibeba misahafu hadi kabatini. Nikaanza kufunga madirisha.

Kazungu alisimama mlangoni.

"Ustadhi, Bi Zuhura yuko wapi?"

"Nyumbani. Nafunga hapa, nakuja."

Alinitazama kidogo tu. Akatupa kijiti chini, akakimbia kuelekea nyumbani kwangu.

Yalikuwa madirisha matano. Niliyafunga yote.

Nilipofika nyumbani kupitia nyuma, baraza ilikuwa tupu. Kibao kilikuwa kimepinduka. Niliita jina lake mara moja, nikaogopa sauti yangu, nikaingia kichakani.

Nilimpata Zuhura alfajiri, katika bonde la nyuma ya mikorosho, amekaa palepale alipowekwa. Nilipiga magoti mbele yake. Alinishika uso kwa mikono miwili, kama mtu anayehakikisha. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Kazungu hayuko nawe?"

Alikuwa amembeba mgongoni tangu barazani. Njiani alimtania kwamba mahamri yanampa uzito. Alimweka pale, akamwambia, "Tulia hapa, Bi Zuhura, nikamlete mzee wako." Akarudi kunifuata msikitini.

Tulimkuta njiani, hatua chache kutoka mlangoni mwa msikiti.

Msikiti haukuguswa. Hakuna aliyeukaribia. Ningeyaacha madirisha wazi, yangekuwa vilevile.

Mkewe, Kadzo, siku hiyo alikuwa ameshinda sokoni Marereni, akasalimika. Baada ya maziko nilikwenda kumweleza. Nilikuwa nimesomesha mlango wa haki za jirani miaka mingi, kwa sauti, na fimbo mkononi, na sasa nilisimama uani kwake sijui nianzie wapi. Nilimwambia yote: ngazi, mikeka, misahafu, madirisha, na ile nakuja. Nikamwomba radhi.

Kadzo alivuta kigoda, akakisogeza mbele yangu.

"Keti, Ustadhi," akasema.

Niliketi. Hakuna lingine alilosema siku ile, nami sikuondoka mpaka jua lilipoanza kuzama.

Miaka imepita. Tunaishi Shella sasa, na kila mwezi mimi na Zuhura huenda kwa Kadzo. Yeye hushona makuti, nami nimejifunza kumshikia majani. Huniambia nina vidole vya mtu wa vitabu. Mara nyingine huimba wimbo wa kwaya aliokuwa akiuimba Kazungu, nami huusikiliza mpaka mwisho. Radhi yake alinipa, mwaka gani sikumbuki, katikati ya mazungumzo ya mvua, kama kitu alichokuwa ameshakitoa zamani.

Namshukuru Mungu kwa Zuhura, ambaye angali ananitania. Shukrani hiyo siwezi kuitoa bila kumtaja aliyembeba. Kazungu alikuwa na kazi mkononi kama mimi, na ya msikiti uleule. Tofauti ni kwamba aliitupa chini aliposikia milio, kwa sababu alijua ni makuti tu. Mimi, msomi wa kijiji, nilidhani madirisha ni ibada.

Nimekuwa nikiyaandika haya tangu asubuhi. Kutoka barazani Zuhura ameniita mara moja, kahawa iko tayari. Kuna mengine nilitaka kuyaongeza kuhusu Kazungu, jinsi alivyokuwa akicheka, na jinsi alivyomlilia mbuzi wake aliyekufa.

Yatangoja. Naweka kalamu chini.