Uyoga wa Malishoni

Mvua za Machi mwaka 2009 zilimkuta Bénédicte tayari mkazi wa siku nyingi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda: mjane, mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa maombi, ambaye hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Kwao Kongo, milimani Kivu ya Kusini, mama yake alimfundisha kuchuma uyoga kwenye magogo ya msituni. Nakivale msitu uko wapi? Kuna nyasi, miiba na ng'ombe wa Wanyankole wenye pembe ndefu. Basi mvua ikinyesha, yeye hubeba beseni lake akaingia malishoni, akatafuta uyoga wa vichuguu.

Siku hiyo vichuguu vilimnyima, naye alikuwa amemwahidi jirani yake Viviane mboga. Ndipo akaona uyoga mwingine, mdogo, wa rangi ya mchanga, umesimama juu ya mavi ya ng'ombe. Ng'ombe hula nyasi pamoja na mbegu za uyoga zilizo laini kuliko vumbi. Mbegu hupita tumboni salama, zikaangukia chini ndani ya mbolea yao zenyewe, zikangoja mvua. Bénédicte aliuona umetobolewa na wadudu, akajiambia kilicholiwa na mdudu hakimdhuru mtu. Uongo huo umezika wengi, ila kwao wote waliuamini. Aliposhika shina, likageuka bluu vidoleni. Akajipangusa kwenye kitenge.

Akapika, akapeleka. Yeye mwenyewe hakuonja hata mchuzi, maana alikuwa amefunga kwa maombi. Viviane naye alikuwa kisimani. Akala Adolphe, mume wa Viviane, akala vizuri mpaka akaramba sahani.

Kabla jua halijazama Adolphe alikuwa anacheka peke yake. Kisha akalia, akaita marehemu baba yake kwa jina, akasema ukuta unapumua. Kesho yake aliamka mzima, lakini kijiji kilikuwa kimeshakata shauri kwamba amerogwa. Viviane alikuja na macho mekundu.

"Mama Bénédicte, ulimupikia bwana yangu nini?"

"Buyoga, mwanangu. Buyoga tu."

"Na juu ya nini wewe haukukula?"

"Nilikuwa ku maombi ya kufunga."

"Buyoga tunakulaka tangu kwetu. Hakuna mutu alionaka vile."

Lisemwalo lipo, wanasema watu, na kama halipo laja. Mimi methali hiyo naichukia. Mwaka uliotangulia ilimpata mama mmoja wa kijiji cha pili: aliitwa mchawi, nyumba yake ikachomwa, akakimbilia mjini Mbarara, na mpaka leo anafulia watu nguo huko, mtaa wa Kakoba. Bénédicte alilifikiria jivu la nyumba ile. Akaenda kwa Pasta Appolinaire.

"Pasta, nitakula mbele yenu. Buyoga ile ile."

"Na kama haikufanye kitu?"

Walikwenda malishoni pamoja, na Viviane nyuma yao. Juu ya mavi sasa ulikuwa umeota uyoga wa kila aina: mweusi, mweupe, mwingine umeshaoza kwa jua. Upi? Akikosea kwa huu, hapatwi na kitu, naye ni mchawi. Akikosea kwa ule, anazikwa. Akawa anabana shina moja moja, hadi kidole kilipopata bluu.

Waliupika kanisani, mbele ya watu, naye akaula wote. Kisha akaketi kwenye benchi wakamtazama.

Hakuna kitu. Wakaimba wimbo, ukaisha. Hakuna kitu. Mwanamume mmoja mlangoni alisema kwa sauti kwamba mafuta ya taa yanapatikana madukani Rwekubo, na hakuna aliyemkemea, hata pasta. Bénédicte aliwajua wote waliokuwa mle. Wengine aliwapokea watoto wao walipozaliwa. Akaomba ombi ambalo hakuna Mkristo aliyefundishwa: Bwana, niondolee akili. Niondolee akili sasa hivi, mbele ya hawa.

Ndipo nguzo ya kanisa ikapumua.

Ilivuta pumzi taratibu, kisha na ukuta ukavuta. Sura za majirani zikarefuka, meno yakaongezeka vinywani mwao. Hakuwahi kuona kitu cha kutisha hivyo, wala cha kupendeza kama hicho. Kicheko kikamtoka bila ruhusa, machozi nayo yakamwagika.

"Inakuja!" akapiga kelele. "Pasta, angalia, inakuja!"

"Ni kama bwana yangu," Viviane akasema. "Ni vile vile!" Akakimbia kumkumbatia. "Usiogope, mama, itaisha. Ni buyoga tu."

Watu wakashusha pumzi, wengine wakacheka naye. Bénédicte akautazama uso wa Viviane ulioinama juu yake, meno yale yote, akamsukuma kwa nguvu zake zote, akatambaa chini ya benchi.

"Musinichome," akawaambia. "Nimekula. Musinichome."