Mashine Iliyofia Kwenye Herufi D

Wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kutunga maneno. Hili lilinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kirua Vunjo, na wala halikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya Jumatano, ng'ombe wangu Sikitu akilia njaa. Usiseme niliota. Nilikuwa nachambua maharage, nani anaota huku anatoa mawe kwenye maharage?

Mjukuu wangu Aneth, binti wa kwanza wa mwanangu Elinami, alipanda kutoka mjini Jumamosi na begi limejaa waya. Amepanga mtaa wa Njoro, jirani na mafundi wa kuchomelea mageti, akasema kwa kelele zile kichwa kinampasuka. "Bibi, nipe chumba kile kipya siku sita tu." Elinami alikijenga mwaka juzi, chini kabisa ya kihamba, shamba letu la ukoo, pale migomba inapoishia karibu na mfereji, ili wakija Krismasi wasibanane. Nikampa. Ningejua!

Alikuwa na kidude, ukubwa wake kama kipande cha sabuni, cha kuchunga baridi ya friji za chanjo kwenye zahanati. Friji ikipata joto, kidude kinampigia nesi simu. Kazi nzuri, au sivyo? Ila kilikuwa hakiamki. Ukikiwasha kinakufa kabla hakijasema neno. Alinieleza mara tatu mpaka nikashika: ndani yake kuna programu ya kwanza kabisa, wao wanaiita kerneli, ndiyo inaamka na kuwaamsha wengine, kama mama mwenye nyumba anayetangulia kuwasha moto. Sasa huyo mama alikuwa anaanguka gizani, hata taa hajawasha, na hakuna anayeona amejikwaa wapi.

Bosi wake wa Dar alimpa mpaka Ijumaa. Kisipoamka, kazi anapewa mwingine na Aneth anarudi kukaa. Miaka miwili aliitafuta kazi ile! Alikuwa halali. Ndizi nilizompikia walikula kuku.

Basi akakiamuru kidude, kila hatua kitakayopiga, kitoe herufi moja ipite kwenye waya ije kwenye kompyuta. A, B, C, hivyo hivyo. Herufi ya mwisho ndiyo itakayosema kimefia wapi. Macho yake yalishakuwa mekundu, kazi ya kusoma akanipa mimi. Nilifika darasa la nne, mwalimu Anaeli alinifundisha kwa fimbo, herufi nazijua.

"Bibi, imefika wapi?"

"D."

Anabadilisha, anawasha tena.

"Sasa?"

"D."

"Una uhakika si E?"

"Mimi nimeanza kuiona D baba yako hajazaliwa. Hiyo ni D."

Siku tatu ni D. Akaweka alama ndogo ndogo kati ya D na E, akaipata hatua yenyewe. Ni pale kerneli inapogawa nafasi: huyu akae hapa, yule akae pale. Nikamwambia hiyo naijua, baba mkwe wangu Mzee Kasiani aliwagawia wanawe kihamba hivyo hivyo, na walipigana. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Kisha akaanza kulia.

Jumatano hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye mfereji. Aneth yuko ndani na mashine yake, mimi nimekaa nje chini ya dirisha, ungo mapajani. Nikaona mwanamume anapanda kutoka mferejini. Umri kama wa Elinami. Gunia mabegani la kujikinga na manyunyu, miguu peku, udongo mwekundu mpaka magotini. Mkononi ameshika isale.

Wewe wa mbali nikueleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu akikujia ameshika isale, anaomba msamaha, na humfukuzi hata kama alikuchomea nyumba. Na hili halikuwa jani la kukata. Lilikuwa zima, limeng'olewa, mizizi inadondosha udongo.

Lakini alinikasirisha. Hakuniamkia! Amesimama ananitazama, kama vile mimi ndiye niliyetakiwa kumpa shikamoo. Nikamkazia macho. Na yeye akasubiri. Tukasubiriana, nakwambia ukweli, mpaka Sikitu akanyamaza kulia. Mwishowe nikasema karibu, kwa heshima ya lile isale.

"Unaomba nini?"

"Msamaha, binti."

Binti! Nina vitukuu wanne mimi.

"Mimi ndiye ninayemwangusha huyo mtoto," akasema. "Sipendi. Ila kila wakigawa nafasi wanampanga mtu juu yangu, nami nashtuka. Mwambie hapo pana mwenyewe."

Kiswahili chake hakikuwa cha Mchagga. Nikamuuliza yeye ni nani, akanitajia jina lake na la baba yake. Nikalirudia kwa sauti, akaitikia kwa kichwa. Akalaza isale kwenye ungo, juu ya maharage, akageuka. Ukungu ukamfunga.

"Bibi, unaongea na nani?" Aneth akatoa kichwa dirishani.

Nikamweleza. Nilidhani atanicheka. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Sema tena. Hapo pana nini?"

"Pana mwenyewe."

"Ee Ruwa! Ee Mungu!"

Akarukia maelezo ya kiwanda kilichotengeneza kidude, akasoma. Kumbe humo ndani kuna programu nyingine ndogo inayokaa kabla ya kerneli, ina sehemu yake, na hakuna aliyeiambia kerneli kwamba pamechukuliwa. Kerneli ikigawa inapaona patupu. Inamwaga vitu vyake juu ya mwenzake, wote wanakufa.

"Lazima nipahifadhi, na panataka jina," akasema. "Yule mzee anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akaandika. Akaigeuzia kompyuta dirishani, nikasimama na ungo wangu, akawasha.

"Bibi?"

"D," nikasema. Halafu: "E. Aneth, E! F!" Zikamwagika kama mvua ya mawe, nikashindwa kuzisoma. Alinirukia dirishani, ungo ukapinduka.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Ndelilio, hakuna mkubwa kuliko yeye pale kwetu. Nikamwonyesha isale. Akasema baba yake alimwambia: ule mfereji ulipochimbwa kulikuwa na kibarua aliyepanda kutoka mashamba ya miwa kule chini. Udongo ukamfukia. Ndugu zake hawakujulikana, wakampa mahali mwishoni mwa kihamba chetu, wakapanda isale moja.

"Wewe ulikuwa hujazaliwa," akasema.

Nikampigia Elinami. "Mama, pale kulikuwa na kaisale kamoja tu, nikakang'oa nikachimba msingi. Kwani nini?"

Mzee Ndelilio akaniuliza kama najua jina la marehemu, maana kwao hakuna aliyelishika. Nikafungua kinywa. Halikuwepo. Mimi! Ninayemkumbuka nesi Theodosia, aliyemzalisha mama yake Aneth, na ng'ombe wangu wote tangu wa mahari, Ndeshi. Jina moja lile, halipo.

Aneth amebaki na kazi yake. Vidude viko kwenye zahanati sasa, na ananiambia kila kinapoamka kinataja nafasi zilizohifadhiwa, na jina la yule mtu wa isale limo. Nampigia anitajie. Nalisikia vizuri. Nikikata simu limetoka. Aliniandikia kwenye karatasi. Nasoma, nikifumba macho halipo. Nafikiri ni kwa sababu mashine ilimwachia nafasi yake, sisi bado tumemkalia.

Na tangu hapo silali. Kule chini kwenye chumba nasikia mtu anainuka, anapiga hatua, ananyamaza. Kisha anaanza upya. Mpaka asubuhi. Elinami anasema ni panya, na Krismasi anakuja na mkewe na watoto, watalala humo humo.

Wewe unayerudi kwenu kujenga, nakuomba sana, usianze na fundi. Anza na mzee. Zunguka naye kihamba chote, muulize nani yuko hapa, na akikwambia hakuna mtu, tafuta mzee mwingine umuulize tena. Ukiona isale limesimama peke yake, si mpakani, usiliguse.

Mimi nimeshaamua. Jumatatu fundi Kanuti anakuja na nyundo na vijana wawili kukibomoa chumba. Elinami bado hajui.