Lebo Mbili za Ua Moja

Mwalimu wa bailojia alitaka kila mmoja wetu akaushe ua la mwituni, alibandike kwenye karatasi, kisha aandike lebo: limechumwa wapi, udongo gani, na nani. Wenzangu walienda vilima vya Kilungu Jumamosi. Mimi nilisingizia tumbo, kwa sababu ukipanda mlima na watu lazima uongee nao.

Langu nililichuma nyuma ya choo cha walimu. Lilikuwa dogo, la njano, linafanana na la ile mboga chungu ya mchunga. Nikalikausha ndani ya gazeti chini ya sanduku langu. Lakini nani anaandika "choo" kwa kazi ya maksi? Nikaandika: "Kilungu, mteremko wenye mawe, upande wa jua." Nilivyoona imependeza, nikaongeza rangi ya mawe.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja, mtaalamu wa mimea kutoka Nairobi. Alipita maua ya wengine kama mtu ambaye ameshanunua nyanya, akasimama kwa langu.

"Hii ni Crepis! Sijawahi kuiona pande hizi. Naenda kuiweka kwenye hifadhi yetu ya mimea mikavu. Watu wataisoma hata miaka mia ijayo. Tukimaliza chai, utanipeleka kwa huo mteremko."

Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, "Aiya! Kilungu ulipanda lini wewe? Kwa ndoto?"

Sauti ikanitoka ndogo. "Na kama mtu hakumbuki mahali?"

"Basi hilo si ua la utafiti, ni nyasi kavu. Tunatupa."

Nikasimama. "Madam, si Kilungu. Ni nyuma ya choo cha walimu."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Mgeni hakucheka. Akachukua mkoba: "Twende."

Tulikuta ardhi imenyolewa kama kichwa cha fomu wani. Jana yake shule nzima ilifyekwa, kwa heshima ya mgeni.

Kwa hivyo likabaki langu tu. Nikaomba nibandue ile lebo niandike nyingine.

"Hapana, mama," mgeni akaniambia. "Sisi hatubandui lebo. Tunaongeza ya pili kando yake."

Niliandika ukweli wote, choo na kufyekwa. Sasa uongo wangu na ukweli wangu vinakaa Nairobi kwa karatasi moja, na jina langu kamili kwenye zote mbili. Mimi, ambaye hata rejista ikiitwa huitikia kwa kuinua kidole.