Vyura Chini ya Cherehani

Saa nane mchana, jua linachoma na mvua imekuwa hadithi. Fundi cherehani anaondoa mguu kwenye pedali, anainua kidole kumwashiria mteja wake anyamaze. Chini ya sakafu ya saruji, vyura wanalia.

Mteja anatoka mbio na sketi aliyokuwa akiijaribu, pini zikiwa bado kiunoni.

"Atairudisha tu," anasema fundi, akicheka kidogo. "Zile pini zitamkumbusha."

Mtaani wanamwita Mama Vyura, ingawa hana mtoto. Wapo wanaovuka barabara wakimwona. Wasichojua ni kwamba ana shahada ya biolojia, na cherehani ilikuwa ya kujishikiza kwa muda tu. Muda huo sasa ni miaka sita. Maombi ya kusoma uzamili ameyatuma mpaka anaona haya kuyahesabu.

Kisha chuo kikuu kimoja kikatangaza nafasi ya utafiti wa ikolojia ya miji: kazi ambazo ardhi, miti na maji huwafanyia watu wa mjini bure, bila hata kuambiwa asante. Mtaa wake ulijengwa juu ya kinamasi kilichofukiwa kwa kifusi. Akaandika kwamba kinamasi hicho hakijafa, kingali kinameza maji ya mvua, na ushahidi uko chini ya miguu yake. Mhadhiri wa chuo hicho akajibu kuwa atakuja kusikiliza mwenyewe.

Kikwazo ni mjomba wake, mwenye nyumba. Wapangaji wamehama kwa hofu, naye ameapa kumwaga zege kwenye ufa wa sakafu ya chumba cha cherehani.

"Chumba kinakoroma mchana kweupe!" alimfokea. "Akishaondoka huyo mgeni wako, naziba."

Fundi anakiri kwamba yeye pia anaogopa. Zamani akikanyaga cherehani, vyura walinyamaza. Siku hizi wanaendelea, kwa mwendo uleule wa pedali. Akiongeza kasi, nao wanaongeza.

"Vyura nimewasoma," anasema, sauti ikishuka. "Hilo sikulisoma popote."

Mhadhiri anafika. Mjomba anamfuata nyuma, mfuko wa saruji begani. Salamu zinapita haraka. Mhadhiri anasikiliza, kisha anauliza maji yako umbali gani chini. Fundi anafunga kifungo kwenye uzi na kukishusha katika ufa wa sakafu. Uzi unakwenda, unakwenda. Unaisha wote, na kifungo hakijagusa kitu.

Vyura wananyamaza kwa pamoja. Mhadhiri anarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Nafasi ni yako," anasema akiwa amekwisha kutoka nje. "Ila sakafu hii isizibwe."

Fundi anamgeukia mjomba, tayari kumpigia magoti. Mjomba ameshatua mfuko.

"Sizibi, mpwa wangu."

"Kweli, mjomba?"

"Chumbani kwangu nilishaziba, wiki iliyopita. Nilitaka kujihami mapema." Anausukuma mfuko kando kwa mguu. "Kabla ya hapo kulikuwa kimya."

Muhula ujao fundi anaanza masomo, na anatumaini kupita nyumba kwa nyumba mpaka aujue mtaa mzima unasimama juu ya nini. Ataanzia kwa mjomba. Ufunguo alikabidhiwa palepale, pamoja na ombi moja: chochote atakachokisikia mle ndani, asije akamwambia.